Kibodi isiyomkera jirani: swichi tulivu kwa ofisi ya watu wengi mjini Lubumbashi

Mtu anayetafuta kibodi yenye sauti ndogo kuliko zote kwa ajili ya ofisi anayochangia na wengine hana haja ya kuisoma tathmini hii mpaka mwisho, kwa sababu jibu lake analo tayari mezani: kibodi ya kawaida ya mpira, ile iliyokuja pamoja na kompyuta, ni tulivu kuliko kibodi nyingi za kimekanika, na hata kuliko baadhi ya zile zinazotangazwa kuwa tulivu. Tathmini hii inamhusu yule anayeandika kutwa nzima, ambaye vidole vyake vimechoka kugandamiza mpira uliolegea, na ambaye kila baada ya kiangazi kimoja au viwili huitupa kibodi nzima kwa kuwa vumbi jekundu la mji wetu limeingia chini ya vitufe na herufi mbili tatu zimegoma. Kwake yeye kibodi ya kimekanika ina faida za kweli: kila kitufe kina swichi yake, kofia za vitufe huvuliwa zikaoshwa kwa maji na sabuni, na katika kibodi zenye soketi swichi moja ikifa hubadilishwa hiyo moja peke yake. Kinachobaki ni kujua kama faida hizo zinapatikana bila kugombana na anayeketi ng'ambo ya meza.

Ofisi nilimozijaribia swichi hizi iko katikati ya mji wa Lubumbashi, na kwa upande wa kelele ni mahali pabaya kwelikweli. Sakafu ni ya vigae, kuta ni za saruji iliyopakwa rangi ya mafuta, meza ni moja ndefu ya mbao ambayo sote tunaiegemea, wala hakuna zulia au pazia zito la kumeza sauti. Mhasibu wetu, mama tunayemheshimu kwa hesabu zake na kwa masikio yake, huketi upande wa pili na ndiye anayepokea simu za wateja. Mimi na mwenzangu huandika barua, mikataba na tafsiri. Mvua ya Januari inapopiga bati hakuna anayesikia kibodi ya mtu yeyote, na simu nazo hazisikiki. Lakini kuanzia Mei, mvua zikishakatika na madirisha yakafungwa kwa ajili ya vumbi na baridi ya asubuhi, kila kidole kinasikika.

Kibodi za kimekanika ambazo nimezikuta kwa urahisi madukani mjini ni zile za wachezaji wa michezo ya kompyuta, zenye taa za kila rangi, na nyingi zina swichi za buluu. Buluu, kwa mazoea ambayo kampuni nyingi zimeyaiga kutoka kwa swichi za MX za kampuni ya Cherry ya Ujerumani, ni alama ya swichi yenye mlio: ndani yake kuna kipande cha plastiki kinachoruka kila kitufe kinaposhuka, nacho kimetengenezwa makusudi kitoe sauti ya «tik» ili mwandishi ajue kwamba herufi imepokelewa. Muuzaji atakwambia kwamba ukivalisha vipete vya mpira chini ya kofia za vitufe sauti itakwisha. Itapungua ile ya kitufe kugonga chini, na mlio wenyewe utabaki vilevile kwa kuwa hautoki huko. «Papa, makelele iko mingi,» aliniambia mhasibu asubuhi niliyoijaribu ya buluu, huku ameziba simu kwa kiganja, na mjadala wa swichi za buluu ukaishia hapo.

Ili kuchagua vizuri yafaa kujua sauti inatoka wapi. Swichi ya aina ya MX ina nyumba ya plastiki yenye nusu mbili, kijiti kinachobeba kofia ya kitufe, springi, na vibamba viwili vya chuma vinavyogusana kijiti kinapofika karibu nusu ya safari yake. Katika swichi nyekundu ya kawaida ya Cherry safari nzima ni milimita 4.0, na herufi hupokelewa kwenye milimita 2.0. Kijiti kikifika mwisho hugonga sakafu ya nyumba yake, na hiyo ndiyo sauti ya kwanza. Kidole kikiondoka, springi hukirudisha juu kwa kasi, nacho hugonga paa, na hiyo ni sauti ya pili, ambayo anayeandika huisahau kwa sababu akili yake imeshahamia kwenye herufi inayofuata, ilhali jirani yake anazisikia zote mbili sawasawa. Vipete vya mpira haviwezi kuifikia hiyo ya pili. Swichi tulivu zinaifikia, kwa kuwa kijiti chake kimewekewa vipande vidogo vya mpira au silikoni vinavyopokea kishindo juu na chini.

Utulivu huo una bei yake, mbali na ile ya fedha. Safari hufupika kidogo, kwa mfano swichi nyekundu tulivu ya Cherry huishia kwenye milimita 3.7, na mguso wa mwisho hupoteza ukavu wake: kidole hakikutani na kitu kigumu bali huzama kidogo kisha kikasimama. Wako wanaouchukia mguso huo kabisa. Mimi niliuzoea upesi, lakini sitamwambia msomaji kwamba haupo. Tena, mpira ukishaondoa sauti kubwa, zile ndogo zilizokuwa zimejificha nyuma yake hujitokeza, hasa mwangwi mwembamba wa springi, ambao katika swichi ya kawaida usingeusikia.

Kwa mguso, swichi tulivu zimegawanyika katika makundi mawili tu, kwa kuwa zile za mlio haziwezi kuwa na toleo tulivu bila kuacha kuwa za mlio. Kuna nyoofu, ambazo hushuka kutoka juu hadi chini bila kikwazo chochote, na kuna zenye nundu, ambazo kidole huhisi kizuizi kidogo njiani kabla ya kitufe kuachia. Husemwa kwamba nundu humfundisha mtu kutogonga chini, kwa hiyo hupunguza kelele yenyewe. Sikuliona hilo. Mwenzangu hugonga chini kwa kila swichi uliyompa, yenye nundu na isiyo nayo, na nadhani waandishi wengi wenye haraka wako kama yeye. Chagua nundu kwa sababu unaipenda, utulivu uuache kwa vipande vya mpira.

Kuhusu namna ya kupima, programu za simu zinazoonyesha desibeli sikuzitegemea. Sauti nyembamba na kali humkera mtu kuliko sauti nzito ya kiwango kilekile, na namba iliyo kwenye kioo cha simu haionyeshi tofauti hiyo. Badala yake nilitoka barazani, nikaipigia simu ofisi, nikamwomba mwenzangu aandike barua ileile kwa kibodi ileile huku swichi zikibadilishwa, na mhasibu akiwa ameshika simu mahali pake pa kawaida. Kile ambacho mteja anakisikia ndicho kinachotuhusu. Baada ya hapo nilimwuliza mhasibu maoni yake kabla ya kumwambia swichi ipi ilikuwa mezani. Anayeandika ni shahidi mbaya wa kibodi yake mwenyewe: huisikia kwa vidole, na swichi anayoipenda huiona tulivu.

Nianze na ile inayojulikana zaidi, Cherry MX Silent Red. Ni nyoofu, inahitaji nguvu ya sentinyutoni 45 ili herufi ipokelewe, na ubora wake mkubwa ni usawa: swichi ya kwanza katika boksi na ya mwisho zinafanana, jambo ambalo huwezi kulichukulia kirahisi kwa swichi za bei ya chini. Kupitia simu haikusikika isipokuwa mwenzangu alipofika kwenye kitufe cha nafasi, na hilo nitalirudia. Ninachokiona kuwa upungufu wake ni mkwaruzo mdogo kijiti kinaposhuka polepole, mkwaruzo ambao anayeandika kwa kasi hatausikia kamwe. Kwa bei yake nilitegemea zaidi kidogo. Hataza za Cherry zilishamalizika muda, na kampuni za China kama Gateron, Kailh, Outemu na TTC zimekuwa zikitengeneza swichi za umbo hilohilo; ushindani huo umewafaidi wanunuzi wa mbali kama sisi kuliko mtu mwingine yeyote.

Outemu ndiyo iliyonishangaza. Ina swichi tulivu mbili zenye majina ya matunda, Silent Peach ambayo ni nyoofu na Silent Lemon ambayo ina nundu, na zote mbili huuzwa kwa bei iliyo chini sana ya ile ya Cherry. Majina ya namna hii, kwa njia, ndiyo sababu mnunuzi hawezi tena kutegemea rangi: buluu (ya mlio), kahawia (ya nundu) na nyekundu (nyoofu) bado zina maana yake ya zamani katika swichi za kawaida, lakini kwa swichi tulivu kila kampuni inatumia jina na rangi itakayo, na njia salama ni kusoma maelezo kama ni nyoofu au ni ya nundu. Peach inashuka vizuri kuliko nilivyotarajia kwa kitu cha bei hiyo, imepakwa grisi kiwandani, na kupitia simu haikutofautiana na Cherry kwa lolote ambalo mhasibu aliweza kulitaja. Lemon ina nundu inayohisika wazi bila kuchosha. Nilipoikagua moja moja niliona kwamba chache zilikuwa na kijiti kinachochezacheza kidogo zaidi ya nyingine, na moja ilikuwa na springi inayolia. Nilizitenga, nikazipeleka kwenye vitufe visivyoguswa, kama F9 na Scroll Lock. Huo ndio ujanja wa kuishi na swichi za bei ndogo: nunua nyingi kuliko unazohitaji, na wagonjwa uwape kazi nyepesi.

Kailh inatoa Box Silent Pink, ambayo ni nyoofu na nyepesi sana, na Box Silent Brown yenye nundu ndogo. Nilivutwa na muundo wake, kwa kuwa mahali chuma kinapogusana pamezungushiwa kiboksi kidogo kinachozuia vumbi, na vumbi kwetu halihitaji kuelezwa. Anayefanya kazi karibu na barabara isiyo na lami au katika yadi ya magari ana sababu nzuri ya kuziangalia hizi kwanza. Ila ile Pink, ambayo hupokea herufi kwa gramu 35 hivi, ilinipa taabu ambayo ni watumiaji wa mpangilio wa Kifaransa tu watakaoielewa. Sisi tunaandika kwa AZERTY. Katika mpangilio huo kidole kidogo cha mkono wa kushoto hupumzika juu ya Q, na kile cha kulia hupumzika juu ya M. Kwenye swichi nyepesi namna ile, uzito wa kidole kilichopumzika tu unatosha kuandika herufi. Kiswahili sanifu hakina kazi na Q, kwa hiyo makosa yalijianika yenyewe: «barua yaqko», «mkqataba», na katika sehemu nyingine M mbili zikifuatana pasipotakiwa. Mwandishi wa Kiingereza kwa QWERTY angeziona A zake zimeongezeka na labda asingezing'amua upesi. Niliondoa Pink kwenye safu ya katikati, nikaiacha kwenye safu ya juu, na hapo haikunisumbua tena.

Swichi niliyoipenda mimi mwenyewe ni Boba U4 ya Gazzew, ambayo nayo hutengenezwa na Outemu. Nundu yake ni kubwa na ya mviringo, inaanza mara tu kidole kinapoanza kushuka, na utulivu wake ni wa kiwango cha juu. Mwangwi wa springi haukuwapo katika nilizopata. Tahadhari moja kwa mnunuzi: ipo ndugu yake iitwayo U4T, inayofanana nayo kwa umbo na kwa mguso, ambayo haina vipande vya mpira na inapendwa kwa sauti yake nzito. Herufi moja ya T ikikuponyoka wakati wa kuagiza, utapokea swichi nzuri sana ambayo huwezi kuitumia ofisini.

Hapa pia ndipo penye mtego wa namba. U4 huuzwa kwa gramu 62 na gramu 68, na mtu akizilinganisha na 45 ya Cherry atadhani ni nzito kupita kiasi. Namba hizo hazipimi kitu kimoja. Ile 45 ya Cherry ni nguvu ya mahali herufi inapopokelewa, katikati ya safari, wakati 62 na 68 ni nguvu ya springi kijiti kinapofika chini kabisa. Kwa vipimo vyenyewe, sentinyutoni na gramu ya nguvu zinakaribiana kiasi kwamba mnunuzi anaweza kuzichukulia kuwa sawa; kinachopotosha ni mahali namba ilipochukuliwa, na wauzaji wengi hawaandiki. Kwa mtu anayeandika saa nyingi ningesema 62 inatosha. Ile ya 68 ilinichosha kidole kidogo kabla ya saa sita mchana.

Nyingine nitazipita haraka. Swichi za Zilents za kampuni ya ZealPC ya Kanada zina sifa kubwa, lakini kwa bei yake kibodi moja kamili ya mhasibu ingegharimu fedha ambazo ofisi yetu ingezitumia kwa printa. Kibodi zenye swichi za Topre ya Japani, zikiwamo zile ndogo za HHKB (Happy Hacking Keyboard) za Type-S, zinatumia teknolojia tofauti ya mpira na springi pamoja, na ni tulivu na za kupendeza. Lakini HHKB haina sehemu ya namba wala toleo la AZERTY, kwa hiyo kwetu mjadala wake ni wa starehe tu.

Sasa nirudi kwenye kitufe cha nafasi, kwa maana hapa ndipo kelele ya ofisi yetu ilipokuwa imejificha. Swichi inaweza kuwa tulivu kuliko zote na kibodi ikabaki na kelele, kwa sababu kitufe kirefu hubebwa na swichi moja tu katikati, na pande zake mbili hushikwa na waya wa chuma uliopindwa, ambao ncha zake zimeingia ndani ya vijiti viwili vya plastiki. Mtambo huo mdogo huitwa stabilaiza, na kazi yake ni kuzuia kitufe kisiinamie upande mmoja kidole kikigusa ncha. Ncha za waya zikiwa na nafasi ndani ya plastiki hulia kama sarafu ndani ya kopo la maziwa. Kwenye kibodi kamili ya mpangilio wa AZERTY stabilaiza ziko saba: ya kitufe cha nafasi, ya Enter, ya kufuta, ya Shift ya kulia, na katika sehemu ya namba ya sifuri, ya kujumlisha na ya Enter ya pili.

Tazama tena hizo tatu za mwisho. AZERTY huweka tarakimu za safu ya juu chini ya Shift, kwa kuwa nafasi zake zimechukuliwa na é, è, ç na à. Kwa hiyo mhasibu anayeandika kwa mpangilio wetu haigusi safu hiyo kabisa, na kutwa nzima mkono wake wa kulia uko kwenye sehemu ya namba, akipiga sifuri, kujumlisha na Enter, sifuri, kujumlisha na Enter. Vitufe vitatu kati ya vile saba vyenye kelele ndivyo anavyovitumia mno. Ndipo nilipofahamu kwa nini yeye aliyekuwa akilalamikia kibodi zetu alikuwa pia akisikika kuliko sisi kupitia simu, ingawa swichi zake zilikuwa zilezile, na kumweleza hilo kulihitaji adabu na subira.

Dawa yake ni ya bei ndogo. Vua kofia ya kitufe, chovya ncha ya kijiti cha meno katika grisi, kisha upake mahali waya unapoingia kwenye plastiki, kidogo sana, pande zote mbili. Wapenzi wa kibodi hutumia Krytox 205g0, ambayo ni ghali na hapa haipatikani kwa urahisi. Grisi ya silikoni inayowekwa kwenye kofia za plagi za magari, ambayo maduka ya vipuri huiuza katika tyubu, inafanya kazi hiyo kwenye waya bila neno. Mafuta ya kupikia yaache jikoni kwa kuwa hukamata vumbi na kugandamana, na mafuta ya kujipaka yenye asili ya petroli si rafiki wa mpira. Ukizidisha grisi, kitufe cha nafasi kitarudi juu kwa uvivu, hasa kama swichi iliyo chini yake ina springi nyepesi. Ndiyo maana naweka swichi nzito kidogo chini ya kitufe hicho hata kama zote nyingine ni nyepesi. Jaribio la barazani lilipofanywa upya baada ya kazi hiyo, tofauti kati ya Peach na Cherry, ambayo nilikuwa nikiitafuta kwa bidii, ilikuwa ndogo mno ukiilinganisha na tofauti kati ya stabilaiza kavu na iliyopakwa. Aliye na dola chache tu na azitumie hapo kwanza.

Kelele inayopita mezani ni jambo la pili. Meza ya mbao inayoegemewa na watu wote hubeba kishindo hadi kwenye viwiko vya jirani, na kishindo hicho hakisikiki barazani kwa simu lakini kinamchosha aliyeko. Kipande cha zulia nene kilichokatwa kwa kipimo cha kibodi, aina ya mabaki ambayo wauza mazulia huyatoa kwa bei ya kuongea, kinakimaliza karibu chote. Baadhi ya kibodi mpya huja na sponji ndani ya gamba lake, kati ya bodi ya saketi na plastiki ya chini, na kama unachagua kati ya mbili zilizolingana kwa mengine, chukua hiyo.

Kuhusu kibodi ya kuzipachika, sharti lisilovunjwa ni soketi: swichi ziwe zinachomolewa na kuchomekwa kwa mkono, bila kuchomelewa kwa risasi. Mtaalamu wa kuchomelea yuko kila mtaa, lakini kuchomoa swichi mia moja na zaidi ni kazi ya siku nzima, na nyuzi za saketi ni nyembamba. Hata penye soketi kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, kibodi kadhaa za bei ndogo zina soketi za Outemu za mtindo wa zamani, ambazo hupokea swichi za Outemu tu kwa kuwa miguu yake ya chuma ni myembamba kuliko ya wengine. Ukiwa na Peach na Lemon haitakuathiri, ukitaka Cherry utakwama. La pili, swichi nyingine zina miguu mitano, miwili ya chuma na mitatu ya plastiki, na bodi nyingine zina matundu matatu tu. Hapo miguu miwili ya pembeni ya plastiki hukatwa kwa kikatio cha kucha, nayo swichi hukaa vizuri tu. Unapochomeka hakikisha miguu ya chuma imenyooka, maana ikikunjwa kitufe hakitaandika, na anayeanza hudhani amepewa swichi mbovu.

AZERTY yenyewe ni kikwazo kikubwa kuliko nilivyofikiri. Kibodi nyingi zinazofika kupitia Dubai zina mpangilio wa Kimarekani, ambao una pungufu ya kitufe kimoja, kile kilichoko kati ya Shift ya kushoto na W chenye alama za «ndogo kuliko» na «kubwa kuliko». Kompyuta unaweza kuiambia iandike AZERTY hata kwenye kibodi ya namna hiyo, na anayeandika bila kuangalia vidole hatasumbuliwa na herufi zilizochapwa kwenye kofia. Lakini mhasibu anayeandika kanuni katika jedwali lake anazihitaji hizo alama mbili kila siku. Kwa hiyo tafuta kibodi ya umbo la Ulaya, yenye Enter ndefu ya kusimama na Shift fupi ya kushoto, yenye vitufe 105, hata kama itabidi kusubiri.

Swichi peke yake ni rahisi kuagiza. Mia moja na kumi hazifiki nusu kilo, na wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou au Dubai, pamoja na kampuni za mizigo zinazotoza kwa kilo, huzichukua bila manung'uniko. Kwanza agiza kumi kumi za aina mbili au tatu, uzipachike safu kwa safu kwenye kibodi moja, uandike nazo kazi yako halisi mpaka jirani atoe hukumu. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniletea swichi za kawaida badala ya tulivu, na nilizitambua kabla ya kuzipachika kwa kubonyeza moja karibu na sikio na kuiachia ghafla: tulivu haigongi paa ikirudi.

Kwa kibodi ya mhasibu, basi, nimeishia kwenye Silent Lemon sehemu ya namba, kwa kuwa nundu humwonyesha kila tarakimu bila kuangalia, na Silent Peach kwingine kote. Mwenzangu anatumia Peach tupu na hataki kusikia habari ya nyingine. Mimi nina U4 za gramu 62, ambazo nimezilipia kwa fedha zangu, kwa sababu nisingeweza kumweleza mkuu wa ofisi kwa nini zigharimu zaidi ya zile za Outemu wakati simuni zinasikika sawa.